Kukadiria joto la hewa Mtwara na Lindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wanaoandika tasnifu, maofisa ugani, na watu wa miradi ya kilimo wanaotaka ramani ya joto ya wilaya yao. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale magumu. Nyuzi zote ni za Selsiasi.

## Mambo ya msingi

1. Kukadiria joto la mahali pasipo na kipimo maana yake nini?

Ni kuchukua vipimo vya vituo vichache ambavyo mahali pake na mwinuko wake vinajulikana, kisha kutumia hesabu kujaza nafasi iliyo katikati yake. Jina la kitaalamu ni interpolesheni. Mikoa ya Lindi na Mtwara kwa pamoja ina zaidi ya kilomita za mraba 80,000, na vituo vyenye kumbukumbu ndefu ni vya kuhesabu. Upande wa Liwale sehemu kubwa ni pori la hifadhi lisilo na mtu wa kusoma kipimajoto. Anayehitaji joto la Mihambwe, la Mnacho au la kijiji fulani cha Nanyumbu hana budi kulikadiria.

Nyuzi mbili za kosa si jambo dogo. Ubwiri unga unaokausha maua ya mikorosho hupenda usiku wa ubaridi wenye unyevu, na ufuta ukikutana na joto kali wakati wa maua huathirika. Ramani inayokosea nyuzi mbili inaweza kuiweka tarafa nzima mahali isipostahili.

2. Ni joto lipi hasa linalokadiriwa? Simu yangu inaonyesha 31 nami nahisi kama 40.

Ni joto la hewa kivulini, likipimwa kati ya mita 1.25 na 2 juu ya ardhi, ndani ya kibanda cheupe chenye mbao za mshazari zinazopitisha upepo na kuzuia jua. Unachokihisi mwilini ni hilo pamoja na jua, unyevunyevu na ukosefu wa upepo. Namba ya kwenye simu kwa kawaida haitoki kwenye kipimo cha hapo ulipo. Ni makadirio ya modeli, yaani kazi hii hii tunayoieleza, iliyofanywa na mtu mwingine.

3. Kwa nini nisitumie tu joto la kituo kilicho karibu?

Unaweza, na mbinu hiyo ina jina: poligoni za Thiessen, kutokana na Alfred Thiessen wa Marekani aliyeieleza mwaka 1911 kwa ajili ya mvua. Kila mahali hupewa thamani ya kituo kilicho karibu zaidi. Kwa joto la eneo letu ni mbinu duni, kwa sababu kituo cha karibu kinaweza kuwa chini ya genge nawe uko juu yake. Itumie kama kipimo cha chini kabisa: mbinu yoyote isiyoishinda hiyo haistahili ramani.

4. Mwinuko unapunguza joto kiasi gani?

Kwa wastani wa angahewa, nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000. Hewa kavu inayopanda bila kubadilishana joto na jirani zake hupoa kwa karibu nyuzi 9.8 kwa mita 1,000, na hewa iliyojaa mvuke hupoa kwa kiasi kidogo kuliko hicho kwa sababu mvuke ukigeuka mawingu hutoa joto. Hiyo 6.5 iko katikati, nayo ni wastani tu. Mchana wa Oktoba wenye jua na ardhi kavu, kiwango kinaweza kupanda. Usiku mtulivu kinaweza kushuka hadi sifuri au kugeuka kabisa (tazama swali la 14).

Huku kwetu tofauti za mwinuko si kubwa kama za Njombe au Lushoto, lakini zipo. Mtwara mjini ni kama mita 100 tu, uwanda wa juu wa Makonde unazidi mita 600 upande wa Newala, na uwanda wa Rondo, mkoani Lindi, unazidi mita 800. Kutoka ufukweni hadi Rondo ni tofauti ya nyuzi tano kwa mwinuko peke yake.

## Mbinu

5. Mbinu ya uzito kwa kinyume cha umbali hufanyaje kazi?

Kila kituo kinapewa uzito, na kadiri kilivyo mbali ndivyo uzito unavyopungua. Kwa kawaida uzito ni 1 kugawanywa kwa mraba wa umbali. Donald Shepard aliiandika mwaka 1968 na hadi leo ndiyo ambayo wengi huanza nayo, kwa kuwa inahitaji kubonyeza kitufe kimoja tu.

Chukua mfano. Nyuzi ni za kubuni, umbali ni wa kweli kwa kukadiria. Siku moja joto la juu la Mtwara mjini, mwinuko mita 100, ni nyuzi 31. La Masasi, tuseme mita 450, ni nyuzi 32. Unataka la Newala, tuseme mita 700. Kwa mstari ulionyooka Newala iko kama kilomita 60 kutoka Masasi na kama 120 kutoka Mtwara. Umbali wa Mtwara ni mara mbili, kwa hiyo uzito wa Masasi ni mara nne:

(4 × 32 + 31) ÷ 5 = 31.8

Jibu hili haliwezekani kwa mtu anayeijua Newala. Hesabu imeiona Newala kama nukta iliyo kati ya miji miwili ya chini, na mbinu hii kwa asili yake haiwezi kutoa jibu lililo chini ya kipimo kidogo wala juu ya kipimo kikubwa ilichopewa. Mahali pa baridi pasipo na kituo hapatakuwa pa baridi kamwe.

Sasa shusha kila kituo hadi usawa wa bahari kwanza. Mtwara inakuwa 31 + 0.65 = 31.65. Masasi inakuwa 32 + 2.93 = 34.93. Kadiria kwa uzito ule ule: 34.27. Kisha ipandishe Newala kwenye mita 700 kwa kutoa 4.55. Unapata 29.7. Vituo ni vile vile, uzito ni ule ule, na jibu limeshuka nyuzi mbili kwa kuheshimu mwinuko. Kama utachukua jambo moja tu kutoka ukurasa huu, chukua hatua hii.

6. Splaini nazo?

Splaini hupitisha uso laini juu ya vipimo, kama bati jembamba linalopindwa taratibu. Ni nzuri kwa wastani wa mwezi au mwaka, ambapo joto hubadilika polepole, na inaweza kupewa mwinuko kama mhimili wa tatu. WorldClim, ramani ya dunia inayotumiwa sana, imetengenezwa hivyo. Hatari yake ni kwamba penye vituo vichache uso unaweza kupinda kupita kiasi na kutoa joto lisilowezekana katikati ya pori.

7. Krigingi ni nini, na mbona watu wanaisifu sana?

Jina linatokana na Danie Krige, mhandisi wa Afrika Kusini aliyekuwa akikadiria dhahabu katika migodi ya Witwatersrand. Kazi yake ya msingi ni ya mwaka 1951. Mfaransa Georges Matheron aliipa misingi ya kihisabati katika miaka ya 1960. Badala ya kuamua mapema kwamba uzito unapungua kwa mraba wa umbali, krigingi huuliza data yenyewe: vituo viwili vinavyotengana kilomita 20 hutofautiana kiasi gani kwa wastani? Vya kilomita 50 je? Mchoro wa majibu hayo huitwa variogramu, na uzito hutoka humo. Faida yake kubwa ni kwamba pamoja na makadirio hutoa pia kiasi cha shaka kwa kila mahali.

Sifa hizo ni za haki palipo na vituo vya kutosha. Variogramu inayoaminika huhitaji vituo 30 kwa uchache, na wataalamu wengi wangependa 100. Ukiwa na vituo saba vya Mtwara na Lindi, programu itakuchorea variogramu bila kulalamika, lakini mstari wake utakuwa umepita katikati ya nukta chache zilizotawanyika ovyo. Nimeona tasnifu nzuri zikidhoofika hapo: jina la mbinu ni kubwa, msingi wake ni vituo sita.

8. Basi nianze na mbinu gani?

Anza na rigresheni, yaani hesabu inayotafuta mstari unaolingana zaidi na vipimo: eleza joto kwa mwinuko na umbali kutoka baharini. Kisha chukua mabaki, yaani tofauti kati ya kipimo halisi na jibu la rigresheni, uyasambaze kwa uzito wa umbali (swali la 5) au kwa krigingi kama vituo vinatosha. Jumlisha vyote viwili.

Kuna mtego ambao ni wa kwetu hasa. Uwanda wa Makonde umeinama: uko juu upande wa magharibi, Newala, na hushuka polepole kuelekea bahari. Ukiwa na vituo vya Mtwara, Tandahimba na Newala pekee, mwinuko na umbali kutoka baharini vinapanda pamoja. Rigresheni haiwezi kujua kama ubaridi wa Newala umetokana na urefu au na kuwa mbali na bahari, na itagawanya sababu kwa namna yoyote inayotosheleza hesabu. Utapata namba za ajabu, kwa mfano nyuzi 11 kwa mita 1,000. Dawa ni kuongeza vituo vinavyovunja uhusiano huo: Masasi na Nachingwea, ambazo ziko mbali na bahari lakini si juu sana, na Rondo, ambayo iko juu lakini haiko mbali sana na pwani ya Lindi. Kama huna, usiiachie hesabu. Weka 6.5 kwa mkono wako na uandike wazi kwamba umefanya hivyo.

## Data na zana

9. Vipimo nitavipata wapi?

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ndiyo yenye kumbukumbu rasmi, na maombi hupelekwa kwao. Vituo vya utafiti wa kilimo, kama Naliendele nje kidogo ya Mtwara, pia hupima hali ya hewa kwa ajili ya majaribio yao. Uliza kila unapopewa data: kituo kiliwahi kuhamishwa? Mti umekua jirani? Kipimajoto kilibadilishwa lini?

Angalia pia saa ya kusoma. Kipimajoto cha joto la juu kikisomwa saa 3 asubuhi, kinachoonekana ni joto la jana mchana. Kituo cha kujiendesha kinachohesabu kuanzia usiku wa manane kitaliandika kwenye tarehe yake halisi. Ukichanganya vituo hivi viwili bila kurekebisha, nusu ya data yako iko nyuma siku moja.

10. Mwinuko wa kila mahali naupata wapi?

Data ya SRTM, yaani vipimo vya rada vya mwinuko wa ardhi vilivyokusanywa na chombo cha anga Endeavour mwezi Februari 2000, inapatikana bure kwa viboksi (miraba midogo ya ramani) vya mita 30. Katika misitu minene, kama ya Rondo, namba husogea kuelekea vilele vya miti. Kwa joto kosa hilo ni dogo: mita 15 ni sehemu ya kumi ya nyuzi.

11. Umbali kutoka baharini una athari gani?

Mchana bahari hupooza pwani. Upepo wa bahari huanza kuvuma jua likishapanda, na ndiyo maana Mikindani inaweza kuwa na unafuu saa 8 mchana wakati Masasi inaungua ingawa iko juu zaidi. Usiku mambo hugeuka: bahari huzuia pwani isipoe, huku bara ikipoa haraka. Kwa hiyo umbali kutoka baharini huongeza joto la juu na kupunguza joto la chini. Mtu anayechora ramani ya wastani wa siku peke yake huona athari hizi mbili zikifutana, kisha husema bahari haina maana. Chora joto la juu na la chini kila moja peke yake. Wastani uutafute mwishoni.

Pima umbali kwa kufuata ufukwe halisi, pamoja na ghuba ya Lindi. Zaidi ya kilomita mia moja hivi athari hufifia, hivyo ni bora kutumia logariti ya umbali kuliko umbali wenyewe.

12. Nitumie programu gani?

QGIS na R, zote bure. Kabla ya hesabu yoyote ya umbali, geuza majiranukta kutoka digrii kwenda mita: mfumo wa ramani wa UTM, kanda ya 37 Kusini, unafaa kwa mikoa yote miwili. Ramani nyingi za zamani za Tanzania zimetumia msingi wa majiranukta wa Arc 1960 badala ya WGS 84 unaotumiwa na GPS, na ukizichanganya, vituo husogea kwa mamia ya mita. Kwenye tambarare hutaona tofauti. Kwenye ukingo wa Newala kituo kinaweza kujikuta bondeni.

13. Satelaiti si zinatoa joto la kila kilomita? Kwa nini tuhangaike?

Zinatoa joto la uso wa ardhi, si la hewa. Kifaa cha MODIS kwenye satelaiti za Terra na Aqua kwa miaka mingi kilipita takriban saa 4:30 asubuhi na saa 7:30 mchana, na pia usiku. Mchana wa jua, udongo mtupu unaweza kuizidi hewa kwa zaidi ya nyuzi 10, huku penye mikorosho iliyofungana matawi tofauti ikiwa ndogo. Wakati wa masika mawingu huziba kabisa. Joto la uso wakati wa usiku hukaribiana zaidi na la hewa, na linafaa kuingizwa kwenye rigresheni ya joto la chini kama kielelezo cha tatu.

Data za modeli kama ERA5-Land zina viboksi vya kilomita 9 hivi. Kiboksi kimoja kinaweza kubeba ukingo wa uwanda na bonde lililo chini yake kwa mwinuko mmoja wa wastani.

## Penye ugumu

14. Wakulima wa bondeni wanasema usiku kwao kuna baridi kuliko mlimani. Wanakosea?

Hawakosei. Usiku wa Juni hadi Agosti, mbingu ikiwa wazi na upepo umetulia, ardhi hupoteza joto haraka na hewa iliyoigusa hupoa na kuwa nzito. Hewa hiyo huteremka miteremkoni na kutuama mabondeni, kama ya Lukuledi, Mbwemkuru na Ruvuma. Juu yake hubaki hewa yenye joto zaidi. Ukitumia 6.5 hapa utakosea mara mbili: utapunguza joto mahali lilipoongezeka.

Kwa joto la chini la kiangazi, acha mwinuko kutoka usawa wa bahari usiwe kigezo pekee. Ongeza mwinuko kutoka kwenye sakafu ya bonde lililo karibu, unaopatikana kwa kutoa mwinuko wa chini kabisa ndani ya kilomita chache za jirani. Pwani hali hii haijitokezi sana, kwa sababu kusi huvuma na kuichanganya hewa.

15. Nitajuaje kosa la ramani yangu?

Ondoa kituo kimoja, kadiria joto lake kwa kutumia vilivyobaki, linganisha na kipimo chake halisi, kirudishe, kisha endelea na kinachofuata. Tafuta wastani wa makosa pamoja na alama zake za kujumlisha na kutoa, ili kuona kama ramani inaegemea upande mmoja. Kisha tafuta kipeuo cha pili cha wastani wa miraba yake, ili kuona ukubwa wa kosa.

Usiridhike na namba moja ya mkoa mzima. Kama kosa la pwani ni nusu nyuzi na la Newala ni tatu, anayesoma wastani atadanganyika. Wala usithibitishe ramani yako kwa kuilinganisha na WorldClim: hiyo nayo ni makadirio, na huenda imetumia vituo vyako vile vile.

16. Ramani yangu ina miduara kuzunguka kila kituo. Nimefanya nini?

Ni dalili ya kusambaza joto kwa umbali bila kuondoa mwinuko kwanza (swali la 5), au ya kituo kimoja chenye kipimo kibovu. Miduara ikibaki baada ya kurekebisha mwinuko, kichunguze kituo kilicho katikati yake.

17. Na ukingo wa Newala, pale Shimo la Mungu?

Pale ardhi inaporomoka mamia ya mita kuelekea bonde la Ruvuma ndani ya umbali mfupi sana. Viboksi vya kilomita moja hufuta genge zima, kwa hiyo tumia vya mita 90 au pungufu. Hata hivyo usahihi wa viboksi si usahihi wa joto: ramani ya mita 30 iliyotokana na vituo saba bado ni ramani ya vituo saba. Vivyo hivyo kwa vilima vya mawe vya Masasi, ambavyo hufyonza joto mchana na kulitoa jioni. Hakuna interpolesheni ya kituo kimoja mjini itakayoonyesha hilo.

18. Naweza kuenea hadi nje ya vituo vyangu, kwa mfano Ruvuma yote?

Ukivuka kituo cha mwisho huwi tena katikati ya vipimo, na kosa hukua haraka. Tafuta data za upande wa Msumbiji: Mueda ni uwanda wa juu kama Newala, na pwani ya Cabo Delgado inafanana na yetu. Mipaka ya mwinuko nayo ni mipaka: kituo chako cha juu kikiwa mita 450, makadirio ya Rondo ni ya nje hata kama Rondo iko katikati ya ramani. Yapake mistari ya mshazari msomaji aone.

19. Ramani inaweza kuniambia siku ya kupuliza salfa, dawa ya ubwiri unga wa mikorosho?

Hapana. Inaweza kukuonyesha maeneo ambayo kwa kawaida usiku wa Julai huwa na ubaridi zaidi, hivyo yakaguliwe mapema. Uamuzi wa siku hutokana na kutazama machipukizi na maua shambani, kwani mikorosho iliyosongamana hutunza unyevu ambao hakuna kituo kinachouona.

20. Nimepata vipimajoto vinne vya kielektroniki. Niviweke wapi?

Usivisambaze kwa usawa. Viweke mahali panapotenganisha sababu: kimoja bara kwenye mwinuko mdogo, kama Mangaka, kimoja Rondo, na viwili vilivyobaki viwe jozi, juu ya ukingo wa Newala na chini yake bondeni. Jozi hiyo peke yake itakupa kiwango halisi cha mwinuko cha mchana na cha usiku, msimu kwa msimu.

Kila kimoja kiwe kwenye kivuli cheupe kinachopitisha hewa, mita 1.5 juu ya ardhi, mbali na kuta na bati. Kabla ya kuvipeleka, viweke vyote vinne pamoja kwa wiki chache karibu na kituo rasmi, uandike tofauti ya kila kimoja. Ukivirudisha, virudie kipimo hicho, kwani vifaa vya bei nafuu hupotoka kadiri jua linavyovipiga.